AJALI HAINA KINGA? Vyama vya Uhandisi Vyuoni na Kazi za Mikono

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na sijui imetiwa katika insha ngapi. Lakini mpenzi msomaji, ukisikiza vizuri utaona kwamba watu huitumia mambo yakiisha kuharibika. Mtu kavunjika mguu, twasema, "Aa, ajali haina kinga." Karakana imeungua, twasema vivyo hivyo, kisha twaenda zetu nyumbani. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba mbele ya mhandisi methali hii haiwezi kusimama. Nitaeleza jinsi vyama vya wanafunzi wa uhandisi katika vyuo vikuu vinavyopanga kazi zao za mikono ili watu wasiumie, na yale yaliyowafika waliokosa kupanga.

Huenda ukauliza, "Mambo ya vyuo vikuu yanatuhusu nini sisi wa kutwa, tunaokimbizana na kengele ya asubuhi?" Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba, Mungu akitujalia, wengi wetu tutakuwa huko baada ya miaka michache tu. Ya pili iko hapa hapa shuleni. Mwaka huu chama chetu cha sayansi kimegawanyika. Wanachama wanataka kuunda kigari cha umeme cha kubeba mtu mmoja. Baadhi ya walimu wanasema jambo hilo lisitajwe tena maana mtoto wa mtu ataumia. Kila upande una neno la haki. Ila naona tunabishana juu ya swali lisilofaa. Sisi twauliza, "Tuunde au tusiunde?" Wenzetu wa vyuoni huuliza, "Tukiunda, tutapangaje?"

Kwa nini wanafunzi waunde vitu

Uhandisi ni kama kuogelea. Unaweza kusoma kitabu kizima kuhusu kuogelea na bado ukazama kwenye kidimbwi. Ndiyo maana vyuo vingi vina vyama ambamo wanafunzi huunda vitu vya kweli nje ya saa za masomo: magari madogo, ndege zisizo na rubani, madaraja, roboti. Hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja, kuna wanafunzi wanaounda roketi. Mradi wao unaitwa Nakuja. Ebu fikiria, roketi yenye jina la Kiswahili! Huko Marekani mashindano ya magari ya wanafunzi yaitwayo Formula SAE yalianza mwaka wa 1981, na Uingereza wakaanzisha ya kwao, Formula Student, mwaka wa 1998. Kila mwaka wanafunzi huchora gari, huchomelea vyuma, hufunga nati, kisha huliendesha wenyewe.

Basi, kitu cha kweli huja na hatari ya kweli. Gari la kwenye karatasi halimgongi mtu. Gari la chuma humgonga. Na hapo ndipo penye somo.

Magogo elfu tano

Nianze na msiba. Huko Texas, Marekani, kuna chuo kikuu kiitwacho Texas A&M, chenye sifa kubwa katika uhandisi. Wanafunzi wake walikuwa na desturi ya kuwasha moto mkubwa kila mwaka kabla ya mechi na chuo hasimu. Hii haikuwa kazi ya chama cha uhandisi hasa. Ilikuwa kazi ya wanafunzi kwa jumla, lakini ilikuwa ujenzi mkubwa kuliko majumba mengi. Mwanzoni mwa karne iliyopita ulikuwa moto wa lundo la mbao na takataka. Mwaka baada ya mwaka ukakua. Kufikia mwaka wa 1969 rundo la magogo lilipita futi 100 kwenda juu. Ndipo chuo kikaweka kikomo cha futi 55.

Magogo hayo hayakulazwa kama kuni za jikoni. Yalisimamishwa wima, yakafungwa pamoja kwa waya, tabaka juu ya tabaka mfano wa keki ya arusi, la chini likiwa pana na la juu jembamba. Mnamo tarehe 18 Novemba 1999, saa nane na dakika 42 usiku, wanafunzi wakiwa juu yake wanafanya kazi, rundo la magogo karibu 5,000 lilianguka. Lilikuwa limefika futi 59. Watu 12 walikufa na 27 wakajeruhiwa. Wote waliokufa walikuwa wanafunzi, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekwisha kuhitimu.

Tume ikaundwa, na Mei 2000 ikatoa ripoti. Wengine walitarajia kusikia ya kwamba mtu fulani alilewa au chombo fulani kiligonga magogo. Wapi! Ripoti ilisema sababu zilikuwa nyingi na zilijikusanya kwa miaka mingi. Magogo ya tabaka la pili yalikuwa yameshindiliwa katikati ya magogo ya tabaka la kwanza. Wale tuliowahi kupasua kuni tunajua kazi ya kabari: unaipiga kwenda chini, lakini nguvu yake husukuma pembeni. Ndivyo magogo ya juu yalivyoyasukuma ya chini yafunguke kwenda nje. Na nyaya nene za chuma ambazo miaka ya nyuma zilizungushwa tabaka la chini kulikaza, mwaka huo hazikuwekwa. Kabari ikasukuma na hapakuwa na mshipi wa kuzuia.

Lakini kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Tume ilieleza kwamba jengo hilo kubwa halikuwa na mchoro wa kihandisi uliopigiwa hesabu na kuandikwa. Ujuzi ulipitishwa kwa mdomo, wa mwaka wa nne akimwambia wa mwaka wa tatu. Kila kizazi kilibadilisha jambo dogo, na hakuna aliyeketi kupima mabadiliko yote kwa pamoja. Tena lilikuwa limewahi kuanguka, mwaka wa 1994 baada ya mvua kubwa, bila mtu kufa. Wakalijenga upya upesi, wakawasha moto wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine hata ukuta hautarudisha uliowapoteza. Mjadala wa kuurudisha moto huo chuoni ulipozuka tena, rais wa chuo aliamua mwaka wa 2024 kwamba hautarudi.

Peke yake usiku

Msiba wa pili ni wa mtu mmoja. Aprili 2011, katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, mwanafunzi msichana wa mwaka wa mwisho aliyesomea fizikia alikuwa karakanani usiku akitumia mashine ya kukereza chuma. Mashine hii huzungusha chuma kwa kasi huku kisu kikikichonga. Nywele zake zilinaswa na mashine, akafariki. Hakuwa mjinga wala mtundu. Alikuwa mwanafunzi hodari. Alikuwa peke yake, na wakaguzi wa serikali walisema baadaye kwamba mashine hiyo haikuwa na vikinga vilivyohitajika. Baada ya hapo chuo kilibana saa ambazo wanafunzi wanaweza kutumia karakana na kutaka awepo msimamizi.

Mnaona, wenzangu? Watu 12 walikuwa katika umati, na huyu alikuwa peke yake. Magogo hayakuwa na umeme, na mashine haikuwa na kimo. Kilichofanana ni kwamba katika visa vyote viwili, jambo ambalo lingeokoa maisha lilitakiwa kufanywa kabla ya usiku ule: mchoro wenye hesabu, mshipi wa chuma, kikinga cha mashine, mtu wa pili mlangoni. Usiku wenyewe ukishafika, ujasiri haukusaidii kitu.

Gari hukaguliwa likiwa bado karatasi

Sasa tuwaangalie wanaofanya vyema. Katika mashindano ya magari niliyoyataja, timu haiji tu na gari lake ikaanza kukimbia. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, hutuma hesabu na michoro kuonyesha kwamba fremu ya gari itamlinda dereva likigonga au likipinduka. Wakaguzi wakikataa karatasi, chuma hakitasaidia.

Wakifika uwanjani, ukaguzi huanza upya. Dereva hujifunga mikanda yote na kushika usukani, kisha huambiwa atoke. Lazima awe nje ya gari kwa sekunde 5. Akitumia sekunde 6, gari halikimbii mpaka warekebishe. Halafu gari hulazwa upande juu ya meza maalumu hadi nyuzi 60. Gurudumu halipaswi kuinuka, na mafuta hayapaswi kuvuja. Kisha breki: dereva anakanyaga, na magurudumu yote manne lazima yashikike pamoja. Gari la umeme nalo hunyunyiziwa maji kwa sekunde 120 likiwa limewashwa, kuona kama umeme utavuja hadi kwenye mwili wa gari. Timu ya gari la umeme lazima iwe na mtu maalumu wa usalama wa umeme, na hakuna anayegusa mitambo hiyo bila idhini yake. Gari lenyewe huwa na taa juu. Ikimetameta nyekundu, hata mpita njia anajua umeme mkubwa uko hai.

Hakuna hata moja kati ya majaribio haya linalotegemea bahati au utu wa mtu. Hawaulizi, "Je, dereva wenu ni mwangalifu?" Wanauliza, "Akikosa kuwa mwangalifu, nini kitamwokoa?" Hayo ndiyo maswali ya kihandisi.

Muuza viatu na roketi

Kisa kingine ni cha roketi. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na vijana wengi Marekani wakashikwa na wazimu wa roketi. Walichanganya baruti jikoni na gerejini, wakazishindilia ndani ya mabomba ya chuma. Mabomba yalilipuka, na vijana wakapoteza vidole, macho na hata uhai. Watu wazima wakagawanyika kama sisi hapa: wengine wakasema roketi zipigwe marufuku kabisa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja, Orville Carlisle, muuza viatu katika mji mdogo wa Nebraska, aliyekuwa ametengeneza njia nyingine. Mwili wa roketi wake ulikuwa wa karatasi na mbao nyepesi, na injini yake ilikuwa kijibomba kidogo kilichotengenezwa tayari na wataalamu. Alimwandikia G. Harry Stine, mhandisi wa makombora aliyekuwa akiandika juu ya hatari hizo za vijana. Mwaka huo huo wa 1957 kikaanzishwa chama cha kitaifa cha roketi ndogo, kikaweka kanuni ambazo mpaka leo zinafuatwa. Usichanganye baruti mwenyewe. Usitumie bomba la chuma. Roketi iwashwe kwa umeme kutoka mbali, si kwa kiberiti. Kaa umbali wa futi 15 kwa injini ndogo na futi 30 kwa kubwa. Hesabu hadi sifuri kwa sauti kabla ya kurusha. Ikikataa kuwaka, ngoja sekunde 60 kabla ya mtu yeyote kuikaribia.

Angalieni alichofanya muuza viatu huyu. Hakuwaambia vijana waache, wala hakuwaambia "muwe waangalifu" halafu akaenda zake. Aliitenga sehemu moja ya kazi yenye kuua, akaiweka mikononi mwa wanaoiweza, akawaachia vijana yaliyobaki: kuchora, kukata, kupima na kurusha. Raha ilibaki, vidole navyo vikabaki.

Ngazi ya hatua tano

Wataalamu wa usalama wana ngazi ya hatua tano ambayo vyama vizuri vya uhandisi hufunza wanachama wapya siku ya kwanza. Mpangilio wake ni muhimu kwa maana hatua ya juu hushinda ya chini.

Hatua ya kwanza ni kuiondoa hatari kabisa. Kama kazi ya kuchomelea inaweza kuepukwa kwa kutumia bolti, tumia bolti. Hatua ya pili ni kubadilisha, yaani kuweka kitu chenye hatari ndogo mahali pa chenye hatari kubwa, kama Carlisle alivyofanya. Hatua ya tatu ni kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari: kikinga cha mashine, fyuzi, uzio, au kile kikatizi kinachokata umeme wa ukutani wa volti 240 mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30. Hatua ya nne ni kanuni na mafunzo: nani aruhusiwe, saa ngapi, na ni lazima wawe wawili. Hatua ya tano, ya mwisho kabisa, ni vifaa vya kujikinga mwilini: miwani, helmeti, viatu vigumu.

Sisi wengi huanzia mwisho. Tukisikia neno usalama tunafikiria helmeti na glavu, basi, tumemaliza. Ukipita penye mafundi wa jua kali utaona mtu anachomelea chuma kwa miwani ya jua ya kujipamba, akidhani amejikinga. Na glavu zenyewe si dawa ya kila kitu. Kwenye mashine inayozunguka, glavu inaweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani. Kisahani cha grainda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, yaani zaidi ya mara 180 kwa sekunde moja. Kikipasuka, vipande vyake havikupi nafasi ya kufunga macho. Miwani ya kukinga macho ni lazima, lakini kikinga cha kisahani kisifunguliwe ati kwa sababu kinasumbua. Kikinga kiko hatua ya tatu, na miwani iko hatua ya tano.

Wala mtu asidhani haya ni mambo ya Wazungu. Hapa Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari na kuchukua hatua. Tathmini si neno la kutisha. Ni kukaa chini na kuuliza nini kinaweza kwenda mrama, kitamuumiza nani, kwa ukubwa gani, na tutafanya nini.

Tujaribu na kigari chetu

Wacha sasa nichukue kigari cha umeme kinachotugombanisha, nikipitishe katika mpango wa ukurasa mmoja kama wafanyavyo vyuoni.

Swali la kwanza: tunaunda nini, na tutaishia wapi? Iandikwe: kigari cha mtu mmoja, kitakachoendeshwa uwanjani tu, wala si barabarani. Kikomo kikiandikwa, hakuna atakayeongeza "kidogo tu" bila sisi wote kujua. Magogo ya Texas yalikua kwa hiyo "kidogo tu".

Swali la pili: kasi gani? Hapa fizikia yetu ya darasani inasema wazi. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi. Kigari pamoja na dereva wakiwa kilo 150, kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, nishati ni jouli 580 hivi. Kwa kilomita 20 kwa saa, ni jouli 2,300 hivi. Umeongeza kasi mara mbili, lakini pigo la kugonga ukuta limeongezeka mara nne! Basi tuchague 10, na tufunge kidhibiti kisichoruhusu zaidi. Hiyo ni hatua ya pili ya ngazi, na haitugharimu hata senti.

Swali la tatu: betri gani? Betri ya gari ya volti 12 haikurushi kama umeme wa ukutani, na wengi huidharau. Lakini spana ikiangukia vichwa vyake viwili, mkondo wa mamia ya ampea hupita. Spana huwa nyekundu, na betri inaweza kupasuka na kumwaga asidi. Isitoshe, betri hiyo ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi ile tuliyoisikia ikilia "pop" maabarani. Kwa hiyo: fyuzi karibu na betri, vichwa vifunikwe, kuchaji kuwe mahali penye hewa na mtu akiwepo, pete na saa za chuma zivuliwe kabla ya kugusa.

Swali la nne: kitasimamaje? Breki ziundwe na kujaribiwa kabla ya mota kufungwa. Tukisukuma kigari kwa mikono na breki zikakataa, tumegundua bure. Na kuwe na swichi nyekundu ya kukata umeme, moja kwa dereva na nyingine nje ambapo mwalimu anaifikia.

Swali la tano: tutajaribu kwa mpango gani? Kwanza magurudumu yakiwa hewani juu ya matofali. Pili bila mtu, kikiwa kimefungwa kamba. Tatu mtu akiwemo, kwa mwendo wa kutembea. Hakuna kuruka hatua hata kama siku ya wazazi ni kesho. Haraka haraka haina baraka, na siku ya wazazi ndiyo mbaya zaidi ya kuharakisha, maana hapo kila mtu anatazama.

Swali la sita: likitokea la kutokea? Mtungi wa kuzimia moto uko wapi, nani anajua kuutumia, sanduku la huduma ya kwanza lina nini, na nambari ya simu ya hospitali iko wapi? Majibu yaandikwe ukutani, si kichwani mwa mtu mmoja ambaye siku hiyo atakuwa hayupo.

Maswali sita, ukurasa mmoja, jioni moja ya kukaa pamoja. Mkuu wa idara asome na atie sahihi. Asiporidhika, aseme ni swali lipi, nasi turudi tukalijibu.

Neno moja: simama

Limebaki jambo moja ambalo halikai kwenye karatasi. Ndugu yangu mkubwa anasomea uhandisi katika chuo kimoja hapa nchini, na yumo katika chama chao. Alinisimulia kwamba jioni moja walikuwa wanachaji betri huku wakibishana juu ya mambo mengine. Msichana wa mwaka wa kwanza, mgeni kabisa, akasema, "Simameni, nasikia harufu." Kuna waliotaka kumcheka. Lakini kanuni yao ni kwamba yeyote akitamka neno simama, wote huacha kazi, na hakuna anayemwuliza "wewe ni nani?" Wakakata umeme. Waya mmoja ulikuwa umelegea na plastiki yake imeanza kuyeyuka. Hakuna aliyeumia. Waliandika jambo hilo kwenye daftari wanaloliita daftari la nusura, ambamo huandikwa kila kitu kilichokaribia kuleta madhara, bila kutaja jina la mwenye kosa. Kila mwanachama mpya hupewa daftari hilo alisome kabla ya kupewa spana.

Nilipenda sana mambo hayo mawili. Katika shule zetu, wa darasa la chini akimwambia wa darasa la juu asimame, ataitwa mtovu wa adabu. Nami naheshimu wakubwa, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini penye mashine, waya na moto, adabu kubwa ni kumwambia mkubwa wako kwamba anaungua. Na daftari la nusura ndilo dawa ya ujuzi wa mdomo uliowaponza wale wa Texas. Wanaohitimu huondoka na vichwa vyao, bali daftari hubaki.

Walimu wetu wapendwa, hatuombi tuachiwe tufanye tutakavyo. Tunaomba tuulizwe maswali magumu, kisha tukiyajibu, tuachiwe tuunde. Kijana anayekatazwa shuleni mbele ya mwalimu huenda akajaribu nyumbani nyuma ya choo, ambako hakuna fyuzi wala mtu wa kusema simama. Nanyi wanachama wenzangu wa chama cha sayansi, msimlaumu mwalimu anayeogopa. Yeye ndiye atakayempigia mzazi simu. Mpeni karatasi kabla hamjamwonyesha chuma.

Ajali haina kinga, walisema. Labda kwa nazi inayomwangukia mpita njia. Lakini kitu ulichokichora mwenyewe, ukakikata mwenyewe na kukifunga nati mwenyewe, kinga yake iko mkononi mwako, mradi uitafute mapema. Mkutano wa chama cha sayansi ni Alhamisi baada ya michezo. Njooni na kalamu.